Nilivyovuka Daraja la Chunyu

Mjukuu na mume wangu Hamisi,

Bibi yako ni mzima, na mikorosho ya hapa Matambarale imechanua. Unauliza kama umkubalie mshauri wa chuoni akutulize hadi uwe kama umelala. Sikia yaliyonikuta.

Mafuriko yalipomchukua shoga yangu Somoe mbele ya macho yangu, sikuvuka tena daraja la kwenda Chunyu. Nilikuwa nikisikia maji, miguu inakufa ganzi. Ndipo mshauri kutoka Nachingwea akaja zahanati. Kwanza aliniacha nimzungumzie Somoe mpaka machozi yakakauka. Kisha akanifumbisha macho, akanituliza kwa sauti ya polepole, nikajiona akilini navuka lile daraja. Sikupoteza fahamu, mjukuu wangu, nilisikia kila neno. Mwisho akanifundisha kuifuata pumzi yangu na kuisikia ardhi chini ya nyayo.

Siku ya harusi ya kaka yako huko Chunyu, ile uliyoikosa, nilisimama mwanzo wa daraja.

"Mama, nikubebe?" akauliza baba yako.

"Kwani mimi gunia la ufuta?"

Nikavuta pumzi, nikazisikia mbao chini ya nyayo, nikavuka kwa miguu yangu. Ng'ambo nikapiga kigelegele hadi mbuzi wakakimbia. Wakwe walidhani nashangilia harusi. Nilikuwa najishangilia mwenyewe.

Ni mimi bibi yako,
Mwanahawa