Bakuli Zenye Alama ya Msumari

Dada yangu Wawira,

Huko uliko najua barua hazifiki. Lakini nimekaa, nimesimama, nimeenda kuona mbuzi nikarudi, na miguu bado inakataa kutulia. Afadhali mkono ushike kazi. Kesho akina mama wanakuja jikoni kwako kufundishwa, na mwalimu ni mimi.

Usicheke. Watu wa afya walileta mizani kanisani hapa Siakago wakapima watoto. Mvua ilikuwa imetukataa, na watoto wengi walikuwa wepesi kama manyoya ya kuku. Lakini wajukuu wako, hawa wa Muthoni! Mshale ulipanda mpaka nesi akagonga mizani akidhani imekwama. Akauliza, nyumba hii haina hata ng'ombe, wanakula nini? Muthoni alikuwa ameshaenda shambani. Nikasimama mimi.

"Ni mipango yangu, daktari. Chakula cha boma hii mimi ndiye nilikipanga."

Si unanijua. Mimi niliyetoka Kanja kwa miguu na gunia mbili za mtama begani, na njiani nikampiga fisi kofi akaomba msamaha. Nesi akafurahi. Akasema basi wengine waje wajifunze kwangu, maana hivi ni vyakula vya hapa hapa, kila mtu anaviweza.

Dada, sijui chochote. Tangu nilipotahiriwa sijakaa kwenye mafiga. Chakula nakiona kikitoka mlangoni, basi. Ningedanganya tu, nimezoea, lakini kuna mtoto wa Igoki, jirani yetu. Mikono yake ni kama njiti za kibiriti. Igoki alinishika shati akaniuliza, "Mzee, hata huyu wangu ataongezeka?" Nikamwambia, kabisa! Tangu hapo chakula hakinishuki.

Leo asubuhi nikainama nikaingia jikoni. Muthoni nusura aangushe sufuria.

"Mjomba, umepotea?"

"Nifundishe."

"Si mwalimu ni wewe? Soko lote limenieleza."

"Muthoni, usinimalize."

Akanikalisha kwenye kigoda chako cha miguu mitatu. Akanionyesha majani ya kunde, jinsi ulivyokuwa ukiyakausha kivulini, kamwe si juani, kisha unayatwanga na kuyaweka kwenye kibuyu yangojee kiangazi. Kidogo kinaingia kwenye mbaazi zilizopondwa za mtoto, kila siku. Nilitwanga mpaka mchi ukalia. Halafu akateremsha zile bakuli zako za bati, kila moja imetobolewa alama kwa msumari ukingoni. Hata anayetambaa ana yake.

"Dawa yenyewe ni hii, mjomba. Kwa wengine watoto wanakula kwenye sinia moja. Mdogo akinyoosha mkono, wakubwa wameshalamba. Hapa mama alikuwa anaona nani hajamaliza, anakaa naye mpaka amalize."

"Mama yako alijifunza wapi?"

Akaanza kuosha bakuli ambayo ilikuwa safi.

"Kwako."

Wawira, nikakumbuka. Sisi wawili, tungali wadogo, na kibuyu kimoja kilichopasuliwa, mwaka ule mtama ulikauka. Nilikuwa nakuambia, "Angalia mwewe!" Unaangalia juu, na mimi natia tonge la tatu, la nne. Unarudisha macho, unasema kwa sauti ndogo, "Hakuna mwewe." Na kesho yake unaangalia tena. Hadithi hii nimeisimulia kwenye harusi ngapi, watu wakashika mbavu? Wewe ulikuwa unacheka nao. Sikuwahi kusimulia mikono yako ilivyokuwa. Ilikuwa kama ya mtoto wa Igoki.

Na hukuniambia. Ulitafuta tu bati na msumari.

Sasa natembeatembea hapa uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Fisi mimi nilimkabili, lakini wanawake hawa wa kesho nawaogopa. Hata hivyo nitakaa kwenye kigoda chako mbele yao. Nitatwanga kunde, wacheke wakitaka. Wakiuliza bakuli zilitoka wapi, nitawaambia habari ya mwewe, na mara hii sitaiongezea kitu. Bakuli ya mtoto wa Igoki nimeshaitoboa. Alama imepinda kidogo, lakini ni yake peke yake.

Pumzika, dada. Mwewe alikuwepo, ila hakuwa juu.

Ni mimi,
kaka yako.