Jina la Injinia

Njombe, 6 Julai. Leo asubuhi kulikuwa na ukungu na baridi kali.

Mjukuu wangu Upendo,

Sisi wazima. Kikohozi cha babu yako kimepungua, na viazi tumeshavuna.

Umeniuliza kama uwaache wenzako wa kituo cha redio wakuite Injinia wakati hujasajiliwa kuwa mhandisi, maana ukiwakataza wanasema unaringa.

Kaka yangu Tumaini alikuwa akijifunza ufundi wa mitambo ya redio Makambako. Mtaa mzima ulimwita Injinia. "Injinia, pasi yangu nayo imekushinda?" mama muuza ndizi alimtania, naye akacheka. Alilipenda jina hilo. Siku moja mtambo wa kurushia matangazo ulizimika na mkuu wake hakuwapo. Watu wakasema, "Si Injinia yupo?" Akaona haya kusema hajafundishwa. Aliufungua peke yake, umeme ukampiga, akafa.

Aliyeandika msalaba wa kaburi lake alimuuliza mama yetu, "Tuanze na Injinia?"

"Hapana. Andika jina lake tu. Mwanangu alikuwa bado anajifunza."

Basi wakisema unaringa, ringa tu, mjukuu wangu.

Nilitaka kulala saa tatu. Sasa ni saa sita, nazima taa.

Bibi yako