Rimu za Kumi na Saba

Jumapili, 29 Septemba

Steinar bado yuko mezani na magurudumu. Si magurudumu yenyewe — picha zake. Kahawa imepoa, jibini ya kahawia imekauka pembezoni, na mume wangu anafungua picha ya rimu, anaikuza, anaguna, anaifunga. Nikiingia jikoni anageuza simu kama mtu aliyefumaniwa.

Gari letu la zamani lilikuwa na sura mbaya, lakini matairi yake ya theluji yalikuwepo ghalani. Agosti aliliuza, na matairi yakaenda nalo. Akaja na hili jeusi, la michezo, limelala chini, linanguruma hata likiwa limesimama. "Lina milango minne," alisema. "Ni gari la familia." Familia kwa sasa ni mimi na tumbo langu, na kututoa humo ni kazi ya watu wawili.

Mtoto anatarajiwa mwisho wa mwezi ujao. Wodi ya wazazi ya hapa bondeni ilifungwa; hospitali iko ng'ambo ya mlima. Na theluji ya mlimani haingoji Novemba.

Kigari cha jirani yetu, Bibi Borghild, kimeshavaa matairi ya misumari, yale ya kung'ata barafu. Septemba! Steinar kacheka mpaka akakohoa.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mabishano ya inchi. Yeye anataka rimu za kumi na tisa, kama zile za kiangazi. Mimi nimekuwa nikisoma kimyakimya — miguu imevimba, nifanye nini kingine? Rimu ikiwa kubwa, mpira unabaki kama utepe. Shimo moja tu barabarani na rimu imepinda. Rimu ikiwa ndogo, mpira ni mnene, tairi jembamba linaikata theluji badala ya kuelea juu yake. Nikamwambia: kumi na saba.

"Kumi na saba! Litaonekana kama dume la ng'ombe lililovalishwa viatu vya chekechea."

"Litaonekana na nani? Mlimani kuna kondoo tu."

"Hata kondoo wana macho, Gunnvor."

Kumi na nane hakuna aliyeitaja. Ingekuwa kushindwa sote wawili.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimeshinda! Kumi na saba, na misumari.

Kabla Steinar hajaagiza, Hallgrim alisimama uzioni. Ni mwana wa Bibi Borghild, na ndiye fundi wa matairi wa bonde zima. Bunduki begani, kofia ya rangi ya chungwa, anaelekea msituni kuwinda elgi, wale kulungu wakubwa kama farasi.

"Hilo gari lina breki kama sufuria za harusi," alisema. "Lisogeze nilitazame kabla sijaondoka. Dakika mbili tu."

"Ah, usijisumbue, jirani. Tutamudu," alisema Steinar.

"Kweli, usijisumbue," nikasema na mimi.

Ndivyo tulivyo. Huku bondeni nyumba ya mtu ikiwaka moto, atawaambia majirani anaota moto tu.

Hallgrim akatazama tumbo langu, akatazama mlima. "Haya, mama kijacho. Mwambie huyo wa ndani asitoke kabla sijaleta nyama." Akaenda zake. Steinar akabonyeza kuagiza huku akipumua kama anayesaini talaka.

Jumatano, 9 Oktoba

Mkunga kasema kichwa kimeshuka. Mtoto anaweza kuja mapema. Steinar akamuuliza kama atakuja kabla ya matairi. Mkunga akakunja utepe wake wa kupimia.

"Hicho sina kifaa cha kukipima, baba."

Ijumaa, 11 Oktoba

Yamefika! Mazuri, sisemi uongo. Mlima mweupe mpaka kiunoni. Karakana ya Hallgrim imefungwa, karatasi mlangoni: *Elgi kwanza.* Nusu ya bonde iko msituni — mwoka mikate, fundi bomba, hata mchungaji wa kanisa.

"Kubadili magurudumu?" kasema Steinar. "Hiyo ni kazi ya kabla ya kifungua kinywa." Kesho.

Jumamosi, 12 Oktoba

Theluji uani.

Maumivu yalianza nikikata mkate. Nilinyamaza kidogo, nisimharakishe. Yeye nje na jeki. Gurudumu la kiangazi likatoka. La kumi na saba likaingia nusu — likagota! Rimu imekalia breki. Akalizungusha. Akajaribu la pili, kana kwamba la pili lingekuwa na huruma. La tatu alilitazama tu.

"Halipiti," alisema dirishani.

"Lisukume."

"Ni chuma kwa chuma, Gunnvor."

"Na kumi na nane?"

"Zingepita." Akafuta pua. Zake za kumi na tisa pia zingepita. Hilo hakulisema. Nampenda kwa hilo, kidogo.

Hapo ndipo nikamwambia kuhusu maumivu.

Simu ya Hallgrim haipatikani. Mkunga anasema tuje sasa hivi. Gari la wagonjwa liko ng'ambo na mtu mwingine. Litavuka nyuma ya greda la theluji, likiweza.

"Gari mnalo?" akauliza mkunga.

"Tunalo."

"Lina matairi?"

"Yako manane."

Steinar akarudisha yale ya kiangazi, tukaondoka. Tumefika langoni. Gari limeteleza, likajigeuza lenyewe, taratibu, kwa heshima, likasimama limekingama. Hita inafanya kazi, ndiyo maana niko humu bado, naandika kwenye goti — mkono ukiwa na kazi mdomo haupigi kelele.

Kutoka hapa nakiona kigari cha Borghild. Misumari inang'aa. Nimemwambia Steinar aende. "Si tutamsumbua tu?" akauliza. Aende!

Ameenda. Amefika mlangoni. Anakung'uta theluji viatuni, kimoja, halafu cha pili. Mke wake anazaa, yeye anakung'uta viatu! Taa ya jikoni inawaka. Redio naisikia mpaka hapa. Ngumi yake iko hewani. Haigongi. Anaitazama.

Uchungu mwingine umekuja. Mrefu —

Umepita. Ngumi bado iko hewani.

Honi iko karibu, mkono wangu unaifikia. Kiganja kiko juu yake. Lakini labda bibi wa watu anakunywa kahawa yake kwa utulivu, na mimi nimpigie honi, asubuhi ya Jumamosi...

Kiganja kiko palepale. Na mimi nimezaliwa bonde hili hili —