Trekta ya Kornelio

Qurus, Karatu
12 Februari 1984

Mwanangu Kornelio,

Uko hai! Serikali mbili zilikuwa zinajua, sasa na mimi mama yako najua!

Haya, hujambo? Unakula? Mimi mzima, dada yako Ester mzima, mahindi tu ndiyo yanalilia mvua.

Alhamisi kaja afisa wa Kodi ya Mapato kutoka Arusha, anaitwa Inosenti, faili kwapani. Nikajua nimekwisha. Kumbe anauliza, "Mama Marsela, una mtoto Kenya anaitwa Kornelio?" Nikakaa chini palepale kwenye magunzi. Miaka saba tangu mpaka ufungwe, barua zangu zinarudi, jirani yetu Bibiana ananishauri nikuombee misa ya marehemu! Afisa akasema kwa vile mpaka umefunguliwa umeomba kibali cha kurudi nyumbani, na watu wa kodi wa Kenya wamewaandikia wenzao wa Arusha: huyu ana mali gani huko kwao?

Sasa nikuaibishe? Nikamwambia nyumba hii ya bati, yako. Ng'ombe wale kumi na wawili, wako. Trekta ile pale, yako. Akaandika yote, na Bibiana anasikia!

Anwani yako kanikatalia, ni siri ya ofisi, ila barua hii ataituma pamoja na majibu yake.

Mama yako


Kericho
18 Machi 1984

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimeona mwandiko wako nikalia. Mimi mzima, ni fundi mitambo kiwanda cha chai. Nilihama Nakuru mwaka uleule mpaka ulipofungwa, ndiyo maana barua zako hazikunikuta. Zangu naona hazikufika.

Lakini mama, trekta gani? Jana wameniita ofisi ya kodi. "Fundi wa mshahara huu, trekta ulinunua kwa mapato gani uliyotuficha?" Nikasema sina trekta. Wakasema, "Mama yako mzazi ndiye aliyesema."

Kibali kimezuiwa mpaka Arusha waandike upya, na bila kibali sivuki. Mama, ng'ombe ni wa nani?

Mwanao


Qurus
6 Aprili 1984

Mwanangu,

Marahaba. Nimefika Arusha, mimi mwenyewe, kwa basi! Mfugaji Mmasai, Moloimet, nimemtoa kwao Olbalbal aje aseme ng'ombe ni wake, aliwaleta kwangu maji yalipoisha kule. Mwenyekiti wetu Thomasi kaandika kwamba trekta ni ya kijiji, imekufa tangu mwaka juzi, kuku wangu wanatagia kwenye kiti. Bati tulinunua kwa maharage tuliyouza mimi na Ester.

Inosenti akaweka kalamu chini. "Mama, mbona uliniambia vile?"

"Baba, ndiyo kwanza nilikuwa nimesikia mwanangu yu hai. Ningeanza kukuambia hana kitu?"

"Basi sasa niandikeje?"

"Andika: huku hana kitu ila mama yake."

Moloimet akacheka mpaka akashika ukuta. Inosenti hakucheka, aliandika. Nikatia sahihi mara mbili, Kenya waone vizuri.

Niliporudi nikaenda kwa Bibiana nikamwambia kwa mdomo wangu kuwa wewe huna trekta. Arusha ilikuwa rahisi zaidi.

Mama yako


SIMU YA MAANDISHI
KERICHO 21 MEI 1984
WAMESOMA BARUA YA ARUSHA. KIBALI NIMEPATA. MWANAO


Qurus
26 Mei 1984

Kornelio, baba yangu!

Simu yako padri kaisoma kanisani baada ya misa, nami nikamwomba airudie kwa wale waliokaa nyuma. Habari za huko? Hapa wote wazima, ila hatulali.

Usinunue chochote. Usiazime suti. Njoo na nguo zako za kiwandani, ziwe na grisi hivyohivyo, watu waone mkono wa fundi. Ester anatwanga, shangazi zako wa kule Daa wameshaanza kugombania nani akupokee mzigo, na Bibiana kajitolea kupika. Nimemkubalia.

Wote nimewapa siku moja, na wewe usije ukawahi wala ukachelewa: Jumamosi, tarehe 16 Juni.

Mama yako