Vidole Vyangu Havina Alama

Kwa mdogo wangu mpendwa Tonya,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani Arkansas. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, mchungaji Curtis, watoto na kanisa lenu lote. Sisi hatujambo. Mguu wa Mama umepungua uvimbe. Jumapili alipeleka kanisani sufuria ya maharage ikarudi tupu, na tangu hapo nyumba haikaliki kwa maringo.

Habari yangu ni kwamba nimeacha kiwanda cha kuku. Miaka ishirini ya kukata mapaja kwenye baridi imetosha, mikono imenikatalia. Nilipata nafasi kwenye duka la bangi ya dawa karibu na kituo cha mafuta. Usicheke. Mwenye duka, Bwana Odell Pruitt, alinipenda mara moja. Alisema, "Dada Verla, una sura ya mwalimu wa shule ya Jumapili. Wazee wangu wa baridi yabisi hawataona haya kununua kwako."

Ila sheria ya jimbo haina mchezo. Bila kitambulisho cha serikali kifuani hupiti mlango wa pili, hata kufagia. Na hawakupi mpaka wachukue alama za vidole na kuhakikisha hujahukumiwa kwa kosa kubwa la dawa za kulevya ndani ya miaka kumi. Mimi sikuwa na wasiwasi. Hata faini ya kuegesha gari vibaya sijawahi kulipa.

Vidole vikagoma. Mwanamke aliyekuwa akichukua alama alivipangusa, akavipaka mafuta, akavibonyeza tena kwenye kioo. Wapi. Akaniuliza, "Dada, unaiba benki au unakata kuku?" Nikamwambia kuku. Akasema watu wa kiwandani wote ndivyo walivyo, visu na maji ya dawa vimewafuta. Siku nyingine tukajaribu tena, ikashindikana. Ikifika hapo, wanakukagua kwa jina na tarehe ya kuzaliwa.

Jibu likaja kwamba Verla Hensley, aliyezaliwa siku niliyozaliwa mimi, alikamatwa Missouri miaka saba iliyopita akiuza bangi, akakiri, akapewa kifungo cha nje. Ombi limekataliwa. Bwana Odell hakunifokea. Alisema tu, "Dada, si ungeniambia mapema," akanifungulia mlango wa mbele nitoke. Iliniuma kuliko matusi.

Nikakata rufaa, na juzi wakaniita ofisini. Niliposema si mimi, wakataka kulinganisha vidole, na vidole ndiyo hivyo tena. Basi ofisa akanigeuzia kompyuta nione picha iliyopigwa siku ya kukamatwa.

Ulikuwa wewe, Tonya. Umevaa koti langu la kijani.

Niliomba nitoke kidogo, nikampigia Mama. Kumbe alikuwa anajua siku zote kwamba ulipokamatwa ulitaja jina langu. Akaniambia, "Verla mwanangu, meza tu. Mwenzio ni mke wa mchungaji, Curtis akijua itakuwaje? Wewe huna mume wa kukuuliza, na kiwandani watakurudisha." Nikamuuliza mikono ya kwenda nayo kiwandani nitaazima kwa nani. Akaanza kulia. Nikakata simu.

Kisha nikarudi ndani nikataja jina lako kamili, la mume wako na mtaa mnaokaa, nikatia sahihi. Nilikuwa na hasira, na bado ninayo. Watakupigia wiki hii au ijayo. Nakuandikia ili usije ukasikia kwanza kutoka kwa mgeni.

Ofisa alinieleza wazi kwamba neno langu peke yake halitoshi, maana dada wawili hufanana na picha ni ya zamani. Ukikana, kesi imekwisha na mhalifu ni mimi. Sina kidole cha kunitetea. Wewe unavyo kumi, na alama zako zimo kwenye faili lile chini ya jina langu. Nenda kituo chochote cha polisi huko Oklahoma, weka mkono wako juu ya kioo. Ni kazi ya dakika chache. Curtis umwambie kabla au baada, hiyo ni ndoa yako.

Wabusu watoto wote kwa niaba yangu, na mwambie mdogo kabisa soksi zake nimeshamaliza kuzifuma, zitakuja kwa posta. Mama hajui kwamba nimekuandikia.

Nakupenda, na ninasubiri.

Dada yako,
Verla Hensley