Mdogo Wetu Alizima King'ora

Nyumbani,
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Kaka,

Hujambo lakini? Kile kikohozi ulichokuwa ukikiburuta tangu baridi ianze huko kimekuacha, au bado mnalala kitanda kimoja? Wifi naye anaendeleaje na kazi yake? Wanangu waambie shangazi yao anawakumbuka, na magauni niliyowaahidi yako njiani.

Sisi miili ni mizima. Goti la Mama linapanda na kushuka kama bei ya mafuta. Baba anasoma gazeti akiliegemeza puani, na miwani hataki kuisikia. Nimekusalimu kwa kirefu makusudi, Kaka, kwa sababu habari iliyonishikisha kalamu ni nzito, nami nilitaka kwanza uketi.

Ni mdogo wetu. Hajaumia wala hajafungwa, shusha pumzi. Lakini hayuko sawa, na nyumba nzima haiko sawa.

Unajua tangu aingie polisi hakutamani kitu kingine ila usukani. Baba, aliyeendesha magari ya kikosi hichohicho mpaka akastaafu, alikuwa akimsifia kwa wageni hata kabla hawajapewa viti. Sasa mwezi uliopita, mchana, wezi wawili walimshusha mfamasia mmoja kwenye gari lake kwa kisu, wakaondoka nalo. Mdogo wetu alikuwa doria karibu na hapo, sajini wake ameketi pembeni. Akawasha king'ora na vimulimuli, akawaungia mkia.

Mimi nilikuwa barazani na cherehani yangu. Nikasikia ule mlio unakuja kwa barabara ya soko, na ndiyo saa watoto wanatoka shule. Kaka, king'ora hakifagii njia kama tunavyodhani. Wengine hukimbia, wengine huganda katikati ya barabara, wanageuza shingo kutafuta kinatokea wapi. Gari la wezi likapanda njia ya waenda kwa miguu, likazoa meza ya muuza ndimu, likarudi barabarani. Nikaweka mikono kichwani.

Mara mlio ukakatika. Taa zikazimika. Gari la polisi likapunguza mwendo mbele ya macho yangu, nikamwona mdogo wangu nyuma ya usukani na sajini akimfokea, "Kanyaga! Kanyaga, wanatuponyoka!" Hakukanyaga. Wale wa mbele wakaenda kwa kasi kidogo, kisha nao wakapoa, wakakata kona taratibu kama watu wanaokwenda harusini. Hakuna mtoto aliyeguswa.

Nilipomuuliza alinijibu, "Dada, mtu anayefukuzwa hatazami mbele. Macho yake yote yako kwenye kioo, ananitazama mimi. Nilitaka awatazame watoto."

Laiti yangeishia hapo. Siku chache baadaye watu walewale, na gari lilelile, walivamia ghala la saruji. Mlinzi akajaribu kuwafungia geti, wakamkanyaga kwa gari. Walikamatwa siku hiyohiyo, lakini mguu wa yule mlinzi umesagika kuanzia goti, na daktari hajaahidi lolote.

Kazini wakambandika mdogo wetu jina: Breki. Limeshafika mtaani. Juzi mmoja wa pacha wangu aliliimba mezani, nikamtoa nje kwa sikio. Sajini akasema waziwazi kwamba ni mwoga, na wengine wakanong'ona kwamba alikula njama na wezi.

Baba alisusa. Akawa anabeba sahani yake na kwenda kulia chumbani. Mama alivumilia, mwisho akamwambia, "Mzee, wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi nimechagua kicheko."

Baba akamtazama. "Na kwa mlinzi," akasema, "kulikwenda nini?"

Mdogo wetu aliinuka, akatoka bila viatu.

Kesho yake akaenda hospitali. Nilimsindikiza. Akasimama miguuni pa kitanda, akasema, "Baba, mimi ndiye dereva niliyewaacha wale watu." Mlinzi akasema, "Ungewakamata, leo ningekuwa natembea." Mdogo wetu akaanza kumweleza habari za watoto wa shule. Yule mlinzi akamkata: "Usinieleze watoto wa watu. Mguu ni wangu." Tukabaki tumeinamisha vichwa kama waliofumaniwa. Tulipogeuka tuondoke, akaita, "Wewe dereva. Njoo unigeuzie mto, umelowa jasho." Akamgeuzia. Tangu hapo haipiti saa ya kutazama wagonjwa bila yeye kwenda. Hawaongei sana. Anamgeuza, anamnywesha maji, anarudi.

Kabla ya kuitwa mbele ya wakubwa, sajini alimjia na maneno laini. "Sema king'ora na taa vilikufa vyenyewe. Gari bovu halifukuzwi kazi." Ni kweli ingemwokoa, na sajini pia, aliyekuwa mkubwa wake garini. Lakini lawama ingemwangukia fundi wa umeme aliyelikagua gari asubuhi ile. Mdogo wetu akaingia, akawaambia, "Gari lilikuwa zima. Nilizima kwa mkono wangu huu."

Wamemnyang'anya funguo. Hawakumfukuza, wamemweka getini pa kituo, kazi yake kuinua chuma magari yapite. Baba alipopata habari alisema tu, "Mimi nisingezima." Lakini jana amekula nasi mezani. Hakumtazama mwanawe, ila alimsogezea chumvi.

Asubuhi nilimpelekea chai pale getini. Tukiwa tunazungumza, gari likatoka linapiga king'ora. Akainua chuma, likapita, naye akabaki ameshika kamba ya kuinulia kile chuma, anasikiliza mpaka sauti ikapotea mjini. Nikamuuliza, "Ingekuwa leo, ungefanyaje?"

"Ningezima, Dada," akasema. "Namgeuza yule mzee kila siku, naona mguu ule, na bado ningezima. Hilo ndilo linaloninyima usingizi."

Nikachukua kikombe, nikarudi nyumbani, Kaka. Mpigie wewe. Simu zetu anaziacha zilie, yako atapokea, wewe ndiye uliyemfundisha kuendesha gari. Usimpe pole wala usimhukumu. Msikilize tu.

Nisalimie Wifi, wanangu wote wawili, na binamu seremala ukionana naye. Mama anakuombea, na Baba pia, ingawa hatakiri. Mungu akulinde uendako na urudipo, akufikishe kwetu tukiwa bado tunakula meza moja.

Ndimi dada yako akupendaye,
Mama Pacha