Nyumba Isiyo na Pini

Mwanangu Ingunn,

Mimi mzima, ni goti tu linalonung'unika mvua ikinyesha.

Ile ramani ya posta bado naitunza: anayemwona dubu mweusi kwake huchomeka pini, wenzake wajihadhari; na sheria yetu ni ileile, chakula hakiachwi nje. Jumanne jirani yetu Torvald akaikodolea macho. "Mama Posta, dubu huyu kapita kwetu sote, kwako tu hakanyagi. Anakuogopa, au ni shemeji yako?"

Watu wakacheka, mimi nikalia. Nikakiri kwamba anakuja kila asubuhi kula matufaha yaliyoanguka. Tangu baba yako atutoke sijaokota hata moja, na niliogopa nikichomeka pini wangeukata mti alioniachia.

"Tuukate? Lete ndoo!" akasema Torvald.

Kijiji kizima kilikuja. Tuliimba, tukachuma mpaka la mwisho, nyumba ikanukia jamu.

Kesho yake dubu akaja, akanusanusa, akanitazama dirishani kama mgeni aliyekuta sufuria imeshaoshwa, akarudi zake msituni. Nikachomeka pini yangu.

Nakutumia chupa mbili za jamu. Moja uile huko. Ya pili uje nayo tuile pamoja, ndani, mlango tumeufunga: siku hizi nafuata sheria.

Mamako,
Gudrun